Plagi namba 6, 7 au 8? Ulinganisho kwa wenye injini ya kompresheni kubwa

Hili swali halichoki kurudi. Mtu kachonga hedi, au kaweka pistoni zenye kichuguu juu, kompresheni (mchanganyiko unabanwa mara ngapi ndani ya silinda) imetoka 9 imefika 11 na kitu, injini imefungwa imewaka vizuri, afu ndo anakumbuka plagi. Anauliza aweke namba ngapi, na majibu yanayokuja huwa mawili tu. La kwanza, weka ya baridi zaidi, tena ruka hatua mbili uwe salama. La pili, acha ile ile ya kiwandani, waliotengeneza injini sio wajinga. Mi nimeshafuata yote mawili kwa nyakati tofauti na yote yamenitia hasara, moja ndogo na moja kubwa, kwa hiyo ngoja tuziweke plagi zenyewe mezani tuzilinganishe.

Ntatumia namba za NGK maana ndo zimezoeleka. Kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, yaani 8 ni ya baridi kuliko 6. Denso nao hivyo hivyo ila namba zao zimekaa kivyao: 5 ya NGK ni 16 ya Denso, 6 ni 20, 7 ni 22, 8 ni 24, 9 ni 27 na 10 ni 31. Sasa shughuli iko kwa Champion na Bosch, hao wanahesabu kinyume, namba ikipanda plagi inakuwa ya moto zaidi. Champion RN9YC, ambayo inakaa sehemu ya NGK BPR6ES, ni ya baridi kuliko RN12YC. Nimeshaona mtu kaambiwa "panda namba moja" akaenda akanunua Champion yenye namba kubwa, kumbe kajisogeza kwenye moto badala ya kuukimbia. Ukiambiwa panda au shuka, uliza kwanza ni plagi ya nani. Usemi salama ni "hatua moja baridi zaidi", huo haumpotezi mtu.

Na kabla hatujaenda mbali, plagi ya moto haitoi cheche kali. Wala plagi ya baridi haiipoozi injini. Hii namba inasema kitu kimoja tu, plagi yenyewe inatoa haraka kiasi gani joto lililoko kwenye ncha yake kulipeleka kwenye hedi.

Chukua plagi namba 5 na namba 8 za umbo moja, zisimamishe ncha juu, chungulia ndani kwa tochi. Kwenye 5 utaona ile kauri nyeupe inashuka ndefu, na pembeni yake kati ya kauri na chuma cha nje kuna shimo refu, unaweza kudumbukiza njiti ya kiberiti ikaenda chini kabisa. Kwenye 8 kauri ni fupi, inashikana na chuma karibu karibu na mdomo, njiti inagota mapema. Tofauti ndo hiyo. Kauri ndefu inakula joto eneo kubwa na joto lina safari ndefu mpaka lifike kwenye chuma, kwa hiyo ncha inabaki na moto. Kauri fupi joto linatoka fasta, linapita kwenye thredi na ile washa yake, linaingia kwenye hedi, linachukuliwa na maji au hewa.

Ncha inatakiwa iishi kati ya nyuzi 450 hadi 850 hivi za Selsiasi. Chini ya 450 masizi hayaungui, yanajikusanya kwenye kauri, umeme unapata njia ya kutorokea pembeni na injini inaanza kumisi. Ikienda juu sana ya 850 ncha yenyewe inageuka kuwa kiberiti, inawasha mchanganyiko kabla cheche haijaja. Hatua moja ya namba inabadilisha joto la ncha kama nyuzi 70 mpaka 100, kwa hiyo ukiruka hatua mbili unaweza ukawa umeondoa nyuzi 200. Kwenye dirisha la nyuzi 400 hiyo sio marekebisho madogo.

Sasa tuje kwenye kompresheni yenyewe maana hapa ndo watu wanadanganywa na namba.

Ni kweli kompresheni ikipanda joto ndani ya silinda linapanda na ncha ya plagi inapata moto zaidi, hilo halina ubishi. Ila angalia injini hizi. Ile injini ndogo ya Honda GX200 inayofungwa kwenye mapampu na majenereta, kompresheni 8.5, inakuja na BPR6ES, namba 6. Toyota Prius ya kizazi cha 2, kompresheni iliyoandikwa ni 13, ungetegemea plagi ya barafu kabisa, lakini inakuja na namba 5 ya NGK, ambayo ni Denso 16. Kompresheni 13 inatumia plagi ya moto kuliko ya pampu ya maji! Honda S2000 ina 11 na inatumia namba 7. Mazda Skyactiv-G ziko 13 hadi 14 na zenyewe ni namba 7. Afu Yamaha R6 ya 2006 na 2007 ina 12.8, chini ya Prius, ila plagi yake ni CR10EK, namba 10.

Ukipanga kwa kompresheni peke yake hapo hupati mantiki yoyote. Ukipanga kwa joto linalozalishwa kila sekunde, kila kitu kinakaa sawa. Injini ya Prius inafunga valvu ya kuingiza kwa kuchelewa, sehemu ya hewa inarudishwa ilikotoka kabla haijabanwa, kwa hiyo ile 13 ni ya upande wa kupanuka, kubana kwenyewe ni kidogo zaidi, na injini haipiti mizunguko elfu 5 kwa dakika. R6 inapita elfu 15 na kila mzunguko ina kazi ya kufanya. S2000 iko katikati, inagusa elfu 9 lakini siku nyingi inaishi maisha ya kawaida.

Kwa hiyo mtu akiniambia "kompresheni yangu ni 11.5 niweke namba ngapi" mi namrudishia maswali kwanza. Kabla hujabadilisha ilikuwa inakuja na namba ngapi? Unaipiga resi kwa muda gani mfululizo, sio mara moja moja kuonesha watu, namaanisha mfululizo? Kemshafti (shafti inayofungua valvu) bado ya zamani au umeweka inayoziacha valvu wazi kwa muda mrefu? Hii ya kemu watu wanaisahau, kemu kubwa inachelewa kufunga valvu ya kuingiza kwa hiyo mzigo halisi wa kubana unashuka kwenye resi ya chini, ndo maana injini ya mashindano yenye 12.5 inaweza kutulia pale ambapo ya 11 yenye kemu ya kiwandani inagonga.

Na taiming, yaani wakati cheche inapotoka. Hii ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kuisogeza mbele digrii 10 kunaongeza joto la ncha karibu sawa na hatua nzima ya plagi, zile zile nyuzi 70 hadi 100. Kwa bahati nzuri ukipandisha kompresheni kawaida unatakiwa urudishe taiming nyuma kidogo, hivyo moja inapunguza makali ya nyingine. Tatizo ni yule aliyepandisha kompresheni na taiming akaisukuma mbele pia afu anatafuta plagi ya kumuokoa.

Haya, ulinganisho wenyewe. Tuchukulie injini iliyokuja na namba 6, petroli ya kawaida yenye okteni inayotosha, haina tabo, kompresheni imepandishwa kutoka 9 au 10 kwenda 11 na nusu hivi.

| | Namba 6 (ya kiwandani) | Namba 7 | Namba 8 |
|---|---|---|---|
| Foleni, safari fupi fupi | Haina shida | Inavumilika kama mchanganyiko uko sawa | Masizi, kumisi, kuwaka kwa shida asubuhi |
| Barabara ndefu kwa mwendo wa kawaida | Nzuri | Nzuri | Inajisafisha kiasi |
| Mlima mrefu na mzigo, mguu chini | Inakaribia mpaka wake | Iko salama | Iko salama sana |
| Mbio za uwanjani | Hapana | Ndio, kwa mizunguko michache | Ndio |
| Ukikosea unapoteza nini | Pistoni | Mara nyingi hakuna | Plagi, na uvumilivu |

Mstari wa mwisho ndo wa kuutazama. Makosa ya pande hizi mbili hayana uzito sawa. Plagi baridi kupita kiasi inakuchafukia, unaitoa, unaipiga brashi au unaitupa, unaweka nyingine, siku imeisha. Plagi ya moto kupita kiasi inaweza ikakutoboa pistoni kwa sekunde chache tu na hausikii chochote mpaka moshi utoke nyuma. Kwa hiyo kama kweli uko njia panda kati ya namba mbili, chukua ya baridi. Ila njia panda iwe ya kweli, sio uoga.

Maana uoga ndo uliniingiza kwenye ile hasara ndogo. Nilikuwa na pikipiki ya silinda moja, nikaweka pistoni ya kompresheni 11.5, nikasikiliza ushauri wa hatua mbili. Kwenye barabara iliyonyooka ilikuwa tamu sana. Nikiingia kwenye foleni dakika 20 inaanza kukohoa, nikifungua plagi ni nyeusi ti kama imetoka kwenye chungu cha mkaa, masizi makavu yanayopakaa kidole. Nikaanza kupunguza petroli kwenye kabureta nikidhani mchanganyiko ni mzito. Plagi ikapunguza weusi kidogo, nami nikafurahi, kumbe nimeifanya injini ifanye kazi ikiwa kavu ili nimfurahishe plagi asiyestahili, na petroli pungufu kwenye mzigo ndo inayoongeza joto. Nimelikwepa tatizo moja nikalitengeneza kubwa zaidi. Niliporudisha jeti yake na kushuka hatua moja tu ya ubaridi, ikatulia mpaka leo.

Ndo maana nasema masizi peke yake hayakwambii plagi ni ya baridi. Masizi makavu meusi yanaweza kuwa petroli nyingi, yanaweza kuwa choki imebana, kichujio cha hewa kimeziba, au cheche dhaifu. Ukiona ni majimaji yanayong'aa na yanateleza hiyo ni oili, tafuta ringi au sili za valvu, hapo ukiweka plagi ya moto unaficha ugonjwa tu.

Kuna mkanganyiko mwingine niuseme maana unagharimu watu injini. Kugonga na kuwaka mapema ni vitu viwili tofauti. Kugonga, ile "kling kling" unayoisikia ukikanyaga kwenye mlima, kunatokea baada ya cheche: moto umeanza vizuri, ila mchanganyiko uliobaki pembeni unabanwa na kupata joto mpaka unalipuka wenyewe kwa mkupuo. Kuwaka mapema kunatokea kabla ya cheche, kitu fulani ndani kina moto mkali, labda ncha ya plagi, labda kaboni iliyoganda, labda ukingo mkali wa gasketi ya hedi uliochomoza, kinawasha wakati pistoni bado inapanda. Plagi ya baridi inasaidia hili la pili, tena pale tu plagi yenyewe ndo mkosaji. Hili la kwanza dawa yake ni okteni, taiming, na joto la hewa na maji. Ukiwa na injini inayogonga ukabadilisha plagi kutoka 6 kwenda 8 itaendelea kugonga, na sasa itamisi pia. Ila yanaitana haya mawili, kugonga kwa muda mrefu kunapasha ncha na kichwa cha pistoni mpaka kuwaka mapema kunaanza, na hapo ndo mambo yanaharibika kwa kasi.

Hasara yangu kubwa ilikuwa hapo. Gari ya silinda nne, hedi imechongwa, kompresheni 11 na kidogo, nikabaki na namba 6 kwa ile hoja ya kiwandani. Ilitembea miezi bila tatizo. Siku moja nimebeba mzigo napanda mlima mrefu, gia ya tatu, mguu chini dakika kadhaa, nguvu ikakata ghafla na moshi wa bluu nyuma. Silinda ya tatu pistoni imeyeyuka pembeni. Nikailaani namba 6, kila mtu akaniambia si tulikwambia. Mpaka nilipozipanga zile plagi nne kwenye kitambaa. Tatu zilikuwa nyeupe nyeupe, zimepata moto kweli, zinaonesha ziko karibu na mpaka, lakini kauri zake nzima. Ile ya silinda ya tatu kauri imetoka malengelenge, elektrodi ya kati imemomonyoka, na washa yake ya chini ilikuwa bado nene, haijabanwa. Yaani haikuwa imekazwa. Na niliyefunga plagi zile ni mimi mwenyewe, kwa mkono, kwa haraka.

Plagi iliyolegea haina pa kupeleka joto. Thredi hazijashikana vizuri, washa haijakaa, unaweza ukaweka namba 8 na ikaishi kama namba 4. Kwa hiyo kabla hujabishana kuhusu namba, kaza. Plagi ya thredi ya milimita 14 yenye washa kwenye hedi ya aluminiamu inataka kama Nm 25 hadi 30, ya milimita 12 ni 15 hadi 20, ya milimita 10 ni 10 hadi 12 tu. Kama huna spana ya torki, kaza kwa vidole mpaka iguse, afu plagi mpya ongeza nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko uisikie washa inabanika. Zile za kiti cha koni zisizo na washa ni kidogo sana, moja ya kumi na sita ya mzunguko, ukizidisha unapasua. Na grisi ya thredi achana nayo, inafanya ukaze kupita kiasi bila kujua, plagi nyingi siku hizi zimeshapakwa madini kiwandani.

Tukiwa bado kwenye umbo. Ukisoma BPR6ES, ile P maana yake ncha imechomoza nje ya thredi, inaingia ndani zaidi kwenye chumba. Kwenye injini ya kawaida ni kitu kizuri, kwenye resi ya chini inapata moto mapema ikajisafisha, na kwenye resi ya juu hewa inayoingia inaipoza. Ila kwenye pistoni yenye kichuguu pima kwanza. Weka udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi na gasketi yake, zungusha kwa mkono mizunguko miwili, fungua uone umebaki unene gani chini ya plagi. Kuna watu wamegundua hili kwa kukuta gepu ya plagi (nafasi inayorukwa na cheche) imekuwa sifuri. Ile E ni urefu wa thredi, milimita 19, na hapo hakuna majaribio: ukiweka fupi shimo linabaki na thredi tupu zinazojaa kaboni, ukiweka ndefu thredi zinachungulia kwenye chumba na kila ukingo wake unakuwa kaa la moto. Ile R ni rezista, iache ilivyo kama gari ina kompyuta.

Gepu nayo inabadilika na kompresheni. Hewa iliyobanwa zaidi ni ngumu kwa umeme kuivuka, koili inahitaji volti nyingi zaidi. Plagi iliyoandikwa mwishoni -11 imekuja na gepu ya milimita 1.1, ikiwa injini inamisi kwenye mzigo tu na kwenye resi tupu iko safi, shusha mpaka 0.9 au 0.8 kabla hujanunua kitu kingine. Wengi wamebadilisha namba ya joto kumbe tatizo lilikuwa gepu. Ila usishuke sana, cheche fupi mno inawasha vibaya kwenye sailensi (injini ikinguruma bila kukanyagwa). Na kama plagi ni ya iridiamu usiingize fila geji ya kukwangua kwenye ile sindano, inakatika kama kioo, kunja kile kidole cha juu taratibu tu.

Iridiamu, platinamu au nikeli ya kawaida? Kwa swali la joto jibu ni hakuna tofauti, namba 7 ya iridiamu na namba 7 ya nikeli zinapeleka joto sawa. Iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi 2,446 na nikeli kwenye 1,455, lakini huo ni uimara wa elektrodi, haimaanishi plagi ni ya baridi. Faida yake kwako ni sindano nyembamba inayohitaji volti kidogo, hiyo inasaidia kweli kwenye kompresheni kubwa, na inadumu. Hasara yake wakati bado unatafuta namba sahihi ni kwamba kila jaribio ni ghali. Mi natafuta namba kwa plagi za nikeli, nikishaipata ndo nanunua za iridiamu.

Mafuta, kwa ufupi. Ukitumia methanoli nenda baridi bila kusita, methanoli inapoza silinda lakini inawashwa kirahisi na kitu chochote chenye moto. Gesi haina petroli ya majimaji ya kupoza inapoyeyuka kuwa mvuke, wengi wanaenda hatua moja baridi na gepu ndogo. Tabo ni mada nyingine, ila kanuni ya kuanzia inayotumika sana ni hatua moja baridi kwa kila nguvu farasi 75 hadi 100 ulizoongeza, na hiyo unaweza kuiazima hata bila tabo: kama kompresheni yako mpya imekuongezea farasi 12, sasa hatua mbili za nini?

Namna ya kujua kwenye injini yako mwenyewe ni hii, na plagi iliyotembea foleni ikaja kwenye sailensi mpaka nyumbani haikwambii chochote. Pasha injini kwa plagi za zamani. Weka mpya. Tafuta mahali salama pasipo na watu, au kwenye mashine ya kupima nguvu, ipe mzigo kamili gia ya tatu mpaka resi ya juu, afu kwa pamoja kanyaga klachi na zima injini, gari iserereke yenyewe isimame. Usiirudishe kwenye sailensi hata kidogo. Kumbuka breki na usukani vinakuwa vizito injini ikizimwa, na funguo usiirudishe mpaka mwisho usukani ukajifunga. Toa plagi.

Usiangalie rangi ya kauri kwanza, petroli za siku hizi zinaiacha karibu nyeupe hata kila kitu kikiwa sawa. Angalia kile kidole cha chuma kinachojikunja juu. Kwa kioo cha kukuzia utaona mahali rangi ya chuma inapobadilika, kama mstari hafifu, upande mmoja umepauka na mwingine bado una rangi yake. Mstari ukiwa karibu na ncha ya kidole, plagi ni ya baridi kwa kazi hiyo. Ukiwa kwenye kona ya mkunjo uko pazuri. Ukishuka mpaka karibu na pale kidole kilipochomelewa, joto limezidi, na hapo jiulize mara mbili kama ni plagi au taiming. Afu ndo uje kwenye kauri, tafuta vidoa vidogo vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, au vile vya kung'aa kama unga wa fedha. Vya kung'aa ni aluminiamu ya pistoni yako. Ukiviona simamisha kila kitu, injini inagonga, hakuna namba ya plagi itakayokutoa hapo.

Nikipewa injini ya namba 6 iliyopandishwa mpaka 11 au 11.5, ya kutembelea kila siku, naanza na 7. Ikiwa haijavuka 10.5 na taiming haijaguswa naiacha 6 nakagua baada ya wiki. Ikiwa ni 12.5 na kuendelea na inaenda uwanjani, 8, na naweka 7 pembeni kwa ajili ya kuipasha na kuisogeza sogeza. Na kama injini ilishakuja na kompresheni kubwa kutoka kiwandani na hujagusa kitu, basi wenye injini walishalipigia hesabu hilo, weka walichoandika.

Ile gari ya silinda nne nimeifunga upya na inatembea na namba 7, gepu 0.9, zote nne nimezikaza kwa spana ya torki Nm 27. Mstari uko kwenye kona ya kidole, isipokuwa silinda ya tatu, yenyewe imeshuka kidogo zaidi ya wenzake. Maji kwenye ile hedi yanafika hapo yakiwa yameshachoka, nadhani. Nina wazo la kuiwekea yenyewe tu namba 8 na nyingine zibaki 7, kuna mafundi wa mbio wanafanya hivyo kwa silinda zinazochemka kuliko nyingine, nikishajaribu ntarudi na picha.